Ikaga Aliyeliwa Kimyakimya

Maboga hupenda jivu, kwa hiyo kila masika yalipokaribia Wakilongo alichukua jembe lake dogo akaenda kupanda mbegu kwenye jaa la nyuma ya nyumba ya mdogo wake, Mubila. Hakuna aliyemkataza. Mubila mwenyewe alikuwa mtu wa mitego na wa kuezeka nyumba, shamba hakulijali, na mkewe Nyange alikuwa na mimba kubwa, kuinama kwake kulikuwa kwa shida.

Siku ile jembe lilipogeuza jivu, kikatoka kitu kigumu cha rangi ya jani kavu. Wakilongo alidhani ni kipande cha kibuyu. Akakiokota, akakifuta kwa kidole. Lilikuwa gamba, pana kuliko ukucha wowote, limechongoka upande mmoja kama jani la mgungu lililokatwa tayari kwa kuezekea.

Alilidondosha, akalikanyaga. Hakujua kwa nini amelikanyaga. Mguu ulikwenda wenyewe, kama mtu anayeficha jambo la mwenzake lisionekane na wapita njia. Upande wa pili wa nyumba Nyange alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, huku akiimba. Wakilongo alibaki amesimama juu ya lile gamba mpaka wimbo ukakatika. Mchi nao ukanyamaza.

"Wifi," Nyange aliita, "mbona kimya? Umepata nyoka?"

"Sijapata nyoka," akajibu Wakilongo. "Afadhali ningempata nyoka."

Pale Kimbili, kijiji cha Walega kilichokaa kati ya msitu na mto Elila, kila mtoto aliyeweza kutembea alijua habari za ikaga, yule ambaye watu wengine humwita kakakuona. Zamani watu walilala mvuani. Walimtazama ikaga jinsi magamba yake yalivyolaliana, la juu likifunika kichwa cha la chini, maji yakiteleza bila kumfikia, wakaenda kukata majani ya mgungu wakayapanga vivyo hivyo juu ya fito. Ndiyo sababu wanamwita kaka mkubwa. Hawindwi. Akikutwa amekufa, ameangukiwa na mti au amenaswa na kamba iliyotegewa mnyama mwingine, aliyemkuta hamgusi. Anakimbia kuwaita wakuu wa bwami, chama cha wakubwa wa Walega, wale wenye kofia na sanamu za pembe na maneno. Kisu anashika mpwa, mtoto wa dada. Nyama inamfikia kila mtu, kuanzia mzee asiye na meno mpaka mtoto aliye mgongoni. Kisha aliyemkuta anaoshwa. Ikaga akiliwa kwa njia nyingine, hakuna aliyepata kusimulia sawasawa kinachofuata, kwa kuwa watu hawapendi kukaa karibu na jambo hilo mpaka mwisho wake.

Na Wakilongo aliyajua haya kupita wengi. Mumewe, marehemu Kikuku, alikuwa mkuu wa bwami, na yeye mwenyewe alipandishwa pamoja naye mpaka daraja la wanawake wakubwa, akavishwa kofia ya simbi. Kisha Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, akapiga bwami marufuku. Askari walikuja kijijini wakakusanya sanamu za pembe, zile nyuso ndogo zilizong'arishwa kwa mafuta na mikono ya mababu, wakazitia sandukuni. Visivyotiwa sandukuni vilichomwa. Kikuku alipelekwa kifungoni, akarudi na kikohozi, akafa kabla mpunga wa mwaka ule haujavunwa.

Mwaka uliofuata mtoto wao wa pekee, Lutala, alijiandikisha kuwa askari. Alipokuja kuaga, mama yake alimkuta mlangoni na nguo mpya za serikali, mkanda unang'aa.

"Humu hutaingia na nguo hiyo," alimwambia.

"Basi nitaivua, mama."

"Na ukiivua usiingie."

Tangu hapo hawakusemezana. Lutala alimpelekea mama yake salamu kwa watu, na watu walizirudisha zilivyo.

Mubila alirudi kutoka msituni jua likiwa bado juu, kamba za mitego zimeviringwa begani, mikono mitupu. Alikuwa mtu wa mzaha tangu utoto. "Dada! Umeanza kulima majivu? Au mashamba ya Kimbili yamekwisha?"

Wakilongo alifungua kiganja.

Mubila alilitazama lile gamba, akatazama njia aliyotoka, kama anayepima ni mbali kiasi gani. Kisha akakaa juu ya gogo.

"Nilimkuta amekufa," alisema. "Kamba ilikuwa ya kutegea paa. Mimi ningefanya nini?"

"Ungeita."

"Nimwite nani, dada? Wakuu wangapi wamebaki? Kabaki Keka peke yake, na Keka akikohoa tu, huyo kapita wa serikali, Swedi, anakuja kuuliza amekohoa kwa lugha gani."

"Na mpwa wako?"

"Mpwa wangu ni askari! Nimpelekee salamu nimwambie nini, njoo uvunje sheria unayoilinda?" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Mmekula."

"Tulikuwa na njaa ya nyama."

"Yote?"

Nyange ndiye aliyejibu, akiwa ameegemea mchi. "Kimebaki kichwa, wifi. Sikuweza kukipika. Kilikuwa kinanitazama."

"Kiko wapi?"

Mubila alielekeza midomo tu kule ndani, chini ya kitanda chao, mahali ambapo udongo wa sakafu ulikuwa umepigwapigwa upya.

Mvua ya kwanza ndiyo iliyoanza kusema. Mubila alikuwa ameiezeka nyumba yake upya wakati wa kiangazi, na hakukuwa na mtu wa kumfikia kwa kuezeka katika vijiji vyote vya ukingo ule. Watu walikuwa wakisema paa lake mtu anaweza kulipindua akalifanya mtumbwi. Lakini mvua ile ilipita. Ilidondoka juu ya kitanda. Mubila alipanda akabadilisha majani, akashuka. Mvua ya pili ikapita karibu na mlango. Akapanda tena. Ya tatu ikapita juu ya mafiga, ikazima moto. Majani yalikuwa mazima, hayana tundu, hayana mdudu. Wakilongo mwenyewe alisimama ndani akaangalia juu asione hata kimwanga. Hata hivyo maji yalidondoka, tone kwa tone, polepole.

"Paa limenichoka," Mubila aliwaambia waliokuwa wakipita. "Hata mke huchoka, sembuse paa."

Watu walicheka, wakaongeza mwendo.

Kisha mitego. Kamba zake alizikuta zimefyatuka bila mnyama, zote, na vitanzi vyake vimefungwa tena vizuri kama vilivyofungwa na mkono. Alianza kurudi mapema. Alisema kuna mtu anayetembea nyuma yake msituni, si mtu mkubwa, anaburuta kitu kwenye majani makavu. Akisimama, na yule anasimama.

Asubuhi moja Nyange alikuja kwa Wakilongo mkono mmoja ukiwa umeshika kiuno. "Wifi, njoo uone mdogo wako anavyolala."

Alikuwa juu ya mkeka, magoti yamegusa kidevu, kichwa kimezama kifuani, vidole vya mikono yote miwili vimefumwa nyuma ya shingo. Alikuwa mviringo kama kikapu kilichofunikwa. Wakilongo alishika mkono mmoja akavuta. Haukuja. Nyange akavuta mguu. Mwili ule ulikuwa na joto la kawaida na pumzi ya kawaida, lakini kila walipoufungua upande mmoja, upande mwingine ulikaza zaidi.

"Mubila!" Wakilongo alimwita sikioni. "Mubila, mtoto wa mama!"

Akafumbua macho. Alipowaona wawili wamemshika, akacheka. "Mmenifanya mzigo wa kuni? Niacheni niamke."

Aliamka. Lakini aliposimama mgongo haukunyooka wote. Ulibaki na pindo dogo, kama wa mtu aliyebeba kitu ambacho hakionekani. Kesho yake pindo liliongezeka kidogo. Hakulalamika maumivu. Alisema tu kwamba mbingu zimeshuka.

Wakilongo akaenda kwa Keka.

Mzee Keka alikuwa akisuka dema la samaki mbele ya nyumba yake, na alipomwona akaanza kukunja uso kabla hajasalimiwa. Hakuwa mtu mpole. Katika ujana wake aliogopwa kwa ulimi, na sasa alikuwa na woga wake mwenyewe. Tangu akamatwe mara moja na kuachwa, alikuwa akigeuka kila mbwa alipobweka.

"Mke wa Kikuku," alisema, "usinieleze. Nimesikia habari za paa. Sitaki kusikia zaidi."

"Ni ikaga."

"Nimesema usinieleze!" Akaweka dema chini. "Kapita akijua, safari hii sitarudi. Nina umri gani wa kulala kwenye simenti?"

"Na Mubila?"

"Mubila, Mubila. Mubila alikuwa na meno alipokula, asitafute meno yangu sasa." Lakini hakuchukua tena dema. Alitazama mapaa ya kijiji, moja baada ya jingine, kama mtu anayetazama watoto waliolala. "Kichwa kipo?"

"Kipo."

"Basi mpwa aje akikate. Bila mpwa mimi sigusi hata jani. Hilo si la kubembelezana."

Ndivyo Wakilongo alivyofunga safari kwenda boma la serikali, na ndizi za kuchoma kwenye kikapu, kumtafuta mtoto ambaye alikuwa amemfungia mlango. Njiani alitunga maneno mengi. Alipofika akamkuta Lutala amesimama chini ya bendera, amenenepa mabega, na maneno yote akayasahau.

Lutala alimwona, akatazama kulia na kushoto. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nani amekufa?"

"Bado."

Wakaenda nyuma ya ghala. Alimweleza. Lutala alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi, na kadiri mama alivyosema, uso wa askari ulikuwa ukiondoka na uso mwingine ukirudi, ule wa mtoto aliyekuwa akikaa miguuni pa Kikuku akishika kofia yake ya manyoya.

"Unajua wanamfanya nini askari anayekamatwa kwenye bwami?" aliuliza.

"Najua walivyomfanya baba yako."

"Baba hakuwa askari. Mimi nitafanywa zaidi."

"Sikukulazimisha uivae hiyo nguo."

"Na hukuniuliza kwa nini niliivaa." Hakusema kwa hasira. "Walisema ndugu wa waliofungwa watapelekwa kuchimba mawe migodini, wasipokuwa na mtu serikalini. Wewe, mama. Mjomba Mubila. Mimi ndiye niliyekuwa huyo mtu."

Wakilongo alishika kikapu kwa mikono miwili. Kwa muda wote ule alikuwa amebeba ile chuki kama mtu anayebeba maji, asitikise, yasimwagike. Na sasa hakujua aiweke wapi.

"Kula ndizi," alisema mwishowe.

Lutala alikula, akisimama. Alipomaliza akafuta vidole. "Tangulia. Nitakuja bila nguo hii."

Walikutana mchana, saa ambayo wengi wako mashambani, kwenye shamba la zamani la mpunga lililokuwa limegeuka kichaka. Walikuwa wachache: Keka, Wakilongo, Lutala aliyevaa kaniki ya kuazima, Nyange aliyekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na Mubila. Mubila alikuwa amefika akiegemea fimbo, kichwa chake kimefikia sasa kimo cha kifua cha mpwa wake. Mbuzi alikuwa amechinjwa, asimame mahali pa nyama iliyokwisha kuliwa, na nyama yake imepangwa juu ya majani. Mawingu yalikuwa meusi upande wa Elila, na hakukuwa na upepo.

Keka alikuwa amefunga ugwe kati ya vijiti viwili. Juu yake alining'iniza vitu vidogo: ganda la konokono, unyoya wa hondohondo, kipande cha mpini, kamba ya mtego iliyokatika. Zamani ugwe kama ule ulikuwa mrefu kama uwanja, na kila kitu kina neno lake. Huu ulikuwa mfupi, wa mtu aliyeokota alichoweza. Lakini Keka alipogusa kitu cha kwanza, sauti yake ikabadilika, ikawa ya zamani, na Wakilongo alisikia nywele zikimsimama.

Aligusa ganda. "Konokono hahami peke yake, anahama na mlango."

"Na mlango," wakaitikia.

Aligusa unyoya. "Hondohondo akilia juu, aliye chini ajiulize amefanya nini."

"Amefanya nini."

Akanyoosha mkono, Lutala akampa kichwa cha ikaga, kilichofukuliwa asubuhi ile na kuoshwa. Keka alikigeuza polepole ili amwonyeshe mpwa mahali pa kuweka kisu. Kisha akaacha kukigeuza. Kidole chake kilipita juu ya fuvu, kikasimama, kikarudi.

Akagusa kamba ya mtego kwenye ugwe.

"Kamba haina meno," alisema. Safari hii hakusubiri kiitikio. "Mubila. Ulisema amenaswa. Nani basi aliyemuuma hapa?"

Ilikuwa alama ndefu, nyembamba, ya panga.

Mbali, mvua ilianza kusikika juu ya msitu.

"Sema," Nyange alimwambia mumewe. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti ilikuwa kavu. "Mimi siwezi kuzaa na hili tumboni. Sema, au mimi nitasema."

Mubila alikaa chini. Kukaa kwake kulikuwa kama kuanguka. "Alikuwa njiani," alisema. "Mchana. Aliponisikia akajikunja. Nikampita. Nilikwenda mpaka kijito, nikarudi. Siku nyingi nilikuwa narudi nyumbani mikono mitupu, na huyu mke wangu anaamka akisema ameota nyama. Nikamwambia, kaka, nisamehe."

"Akafanyaje?" Keka aliuliza.

"Akajikunja zaidi."

Wakilongo alimtazama mdogo wake, aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, na akaona jambo alilokuwa akilikataa: kwamba hakushangaa.

Ndipo vichaka vikatikisika na kapita Swedi akatokea, kofia ya kitambaa kigumu kichwani, kifimbo mkononi, viatu vimejaa tope. Alikuwa Mlega kama wao, mtu wa kijiji cha jirani, aliyewekwa na serikali kusimamia mashamba, na alikuwa akijipenda.

"Aa!" alisema. "Nilijua. Nilisikia harufu ya mkutano tangu darajani. Mzee Keka, wewe hukomi? Na huyu, kaniki hii, si askari wetu huyu? Lutala! Hata wewe?"

"Niko likizo, kapita," Lutala akasema bila kuinuka. "Nakula mbuzi wa mjomba wangu. Imetoka sheria mpya ya mbuzi?"

"Utamweleza bwana mkubwa habari za mb..."

Alikuwa amekiona kichwa mikononi mwa Keka. Mdomo wake ulibaki wazi. Alirudi nyuma hatua moja, kifimbo kikashuka chenyewe.

"Huyo ameliwa lini?" aliuliza, na hiyo haikuwa sauti ya kapita.

"Kiangazi kilipoisha," Keka akasema.

Nyange alikuwa akitazama miguu yake. "Kapita," alisema, "ile nyama ya nungu niliyompelekea mke wako kwenye majani... Nilipeleka nyumba nyingi. Nilifikiri, wote wakila, hata bila kujua, huenda isiwe kula kimyakimya. Huenda ikahesabiwa kama tumegawa."

"Nungu," kapita alirudia.

"Haikuwa nungu."

Matone ya kwanza yalianza kupiga majani. Swedi alitazama mbingu, akatazama watu, akacheka kidogo bila furaha. "Mtoto wangu alimaliza mchuzi kwa kidole," alisema. "Alilamba jani. Mama yake akamcheka." Kisha akavua kofia, akakaa palepale topeni, kati ya Lutala na Nyange.

"Vua na viatu," Keka alimwambia.

Akavua.

Lutala alikikata kichwa. Alikata kama alivyofundishwa akiwa mdogo, kutoka upande wa kushoto, bila kuongea. Kila mmoja alipewa kipande cha mbuzi kilichogusishwa kwenye kile kichwa. Kapita alitoka mbio peku, akarudi na mkewe na mtoto na watu wa nyumba zote ambazo Nyange alizitaja, wengine wakiwa na majembe bado mkononi. Hakuna aliyeuliza maswali. Mvua ilikuwa imewapokea wote, na katikati ya mvua ile Keka alipita na fungu la majani yaliyochovywa, akimpiga kila mtu kwenye mabega na kifuani: mke wa kapita, mtoto, Nyange tumboni mara nyingi na kwa upole, Wakilongo, hata Lutala.

Alipomfikia Mubila alimpita.

"Na mimi, mzee?" Mubila alisema kutoka chini.

Keka alisimama akiwa amempa mgongo. "Aliyemkuta amekufa, nina maji yake. Aliyekula bila kujua, nina maji yake. Wewe maji yako sinayo. Hata waliokuwa na kofia kubwa kuliko mimi hawakuwa nayo."

"Nifanye nini basi?"

"Ondoka. Nenda ng'ambo ya Elila, kwa wajomba zako. Usifikiri ni hasira, mwanangu. Tunakuogopa."

Hilo neno ndilo lililomvunja. Watu wakaanza kuondoka, wakipita mbali naye, wakishika watoto wao mikono. Kapita alikuwa wa kwanza kuondoka. Viatu alivisahau.

Wakilongo alimsindikiza mpaka mtoni. Nyange hakuweza kutembea mbali, na hakuna mwingine aliyetaka. Njia ilikuwa na utelezi, na Mubila alitembea ameinama sana hata fimbo haikumfaa tena. Mara kwa mara aligusa ardhi kwa mikono. Hakuwa na mzaha. Walipofika kivukoni, mwenye mtumbwi akiwaangalia kwa jicho la pembeni, alisema, "Dada, ninyooshe. Mara moja tu. Nataka kuona ng'ambo."

Wakilongo alimwekea goti mgongoni, akamshika mabega, akavuta kwa nguvu zake zote. Alihisi mifupa chini ya ngozi imelaliana, mmoja ukifunika mwingine, na haikukubali. Akaacha.

"Iko vilevile," alimwambia. "Ni msitu tu."

Mubila akatikisa kichwa, akaingia mtumbwini.

Haukupita mwezi wajomba walileta salamu kuuliza mgeni wao atakuja lini, kwa kuwa wamemwandalia nyumba. Wakilongo alikwenda kwa mwenye mtumbwi. Mtu yule aliapa kwa mama yake kwamba alimshusha salama ng'ambo. Alimwona akipanda ukingo, akaingia kwenye majani, mikono mbele. Majani yakatikisika kidogo, yakatulia. Hakusema zaidi ila aliomba asiulizwe tena, na tangu siku hiyo akahamishia kivuko chake upande wa chini wa mto.

Kapita Swedi hakupeleka habari bomani. Mtoto wake aliugua homa, akapona. Yeye mwenyewe hakupona hofu, na watu walimwona akikagua paa la nyumba yake hata siku za jua. Lakini boma lina macho mengine. Lutala aliporudi walikuwa wanamngojea. Alichapwa mbele ya wenzake, akapewa uhamisho wa mbali, huko chini kwenye mto mkubwa, ambako hakuna mtu anayesema Kilega. Kabla ya kwenda aliomba ruhusa ya kumuaga mama yake, akaja na nguo ya serikali, maana nyingine hakuruhusiwa kuvaa. Alisimama nje ya mlango.

"Ingia," Wakilongo alimwambia. "Ingia nayo. Mvua inakunyeshea."

Alilala kwake siku ile. Alipoondoka, mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamwambia jina la sifa la Kikuku, polepole, neno kwa neno, ili huko aendako awe nalo la kujisemea. Wakilongo alipokea salamu zake mara mbili tatu. Baadaye salamu zikakoma, na hakuna aliyejua ni njia iliyoharibika au ni mtu.

Nyange alijifungua mvua zilipopungua, mtoto wa kiume, mwenye sauti kubwa. Alihamia kwa Wakilongo, kwa sababu hakuna aliyekubali kupanda kuliondoa paa la ile nyumba, wala kulala chini yake. Wanawake walikuja kumwona mtoto, wakaleta ndizi na mafuta ya mawese, wakasema ana macho ya mama yake. Kila mmoja alipompakata, mkono wake ulishuka kwanza mgongoni, ukatua pale kidogo, kisha ndipo akatabasamu. Nyange aliwaona.

Wakilongo naye alifanya hivyo. Kila jioni alimwogesha mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mapaja yake, akampitishia kidole kutoka shingoni mpaka kiunoni, mfupa kwa mfupa. Mgongo ulikuwa umenyooka. "Ni mzima, wifi," alikuwa akisema, na Nyange akivuta pumzi. Kesho yake, maji yalipopata moto, alimlaza akaanza tena shingoni.